Mguu wa Mama Mkwe

Habari ya mguu wa mama mkwe ilinikuta kwenye cherehani, nikishona suruali ya fundi mmoja wa reli. Wifi yangu Edith ndiye aliyeileta. Aliteremka kutoka Mbololo kwa lori la ndizi, akaingia kwenye nyumba yetu ya reli pale Voi bila kupiga hodi, akaketi kitandani na kuanza kulia.

"Mama ni mgonjwa, Mkamburi. Mguu umevimba mpaka ukiutazama unaogopa."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Ule mwingine ni mzima kabisa."

Nilikata uzi kwa meno. Anayetaka kunihukumu na anihukumu: nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka tumboni mpaka shingoni, ikabidi niinamie ile suruali ili Edith asiione. Tangu mwaka wa sitini na tano nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja, na sasa, mwaka wa sabini na saba, alikuwa amenijibu, tena kwa mguu uleule wa kushoto. Nikamwambia Edith pole, nikaenda kuteleka chai.

Mguu wa namna hiyo naujua kwa sababu ninao, wa kushoto vilevile. Kila asubuhi kabla sijakanyaga chini naufunga bendeji ndefu ya kuvutika, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, nikikaza kwenye kifundo na kulegeza kadiri ninavyopanda. Nikisahau, ifikapo jioni umekuwa gogo. Ngozi ya juu ya kifundo imekuwa nyeusi na ngumu, na ikikwaruzwa kidogo tu natokwa na kidonda cha miezi. Silali bila kuuweka juu ya blanketi lililokunjwa. Sikai sana, sisimami sana. Hata cherehani niliinunua kwa ajili yake, maana daktari aliniambia kifundo kikichezacheza ndicho kinachosukuma damu irudi juu, nami nikaona badala ya kuchezesha mguu bure kama mwendawazimu, heri nipate na suruali mbili tatu. Majirani waliniita Mama Bendeji kwa zile bendeji zilizoanikwa kambani kila siku. Nilicheka nao. Hawakujua ni nani aliyenipa mguu huo.

Alinipa Jedidah, mama yake Mwandawiro mume wangu.

Nilijifungua nyumbani kwake Mbololo, mtoto wa kike, tukamwita Wakio. Kwetu mzazi hutunzwa. Hulazwa karibu na moto, hufunikwa, hupewa uji na kimanga cha muhogo na maharagwe, na hatoki nje mpaka siku zake zitimie. Ni desturi nzuri kwa mwanamke aliyechoka, lakini Jedidah hakuwa na kiasi. Nikisema nifike hata mlangoni nione jua, ananirudisha. Nikikaa, ananilaza. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alikuwa akiniambia. Basi nikasikia la mkuu, nikalala kama gunia la mahindi, na guu likaharibika vilevile.

Yalianza maumivu kwenye shavu la mguu, kama msuli umekaza. Halafu mguu ukavimba, ukawa wa moto, ukang'aa. Nililia. Jedidah akautazama mguu, kisha akanitazama usoni, akasema nina hasira.

Hapo nieleze kwa mtu asiyetoka kwetu. Wazee wetu wanaamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta ugonjwa, kwa mwenye nayo au kwa watu wa nyumba yake. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira hupewa maji ya muwa kwenye kibuyu, hueleza lililo moyoni, hujaza kinywa, kisha huyapuliza nje na kuomba hasira itoke, nyumba ipoe. Siicheki desturi hiyo. Nimeona ndugu waliokuwa karibu kukatana mapanga wakitasa na jioni wakala sahani moja. Lakini mguu wangu haukuwa umegombana na mtu.

Nilitasa hata hivyo. Nilipuliza mpaka midomo ikapasuka, na kila mguu ulipokataa kupoa Jedidah alisema sijaitoa yote, kuna nyingine nimeificha. Hasira gani? Wakati ule nilikuwa msichana tu niliyempenda mume wangu na kumwogopa mama yake. Nikaanza kukohoa. Kila nikivuta pumzi kisu kinanichoma ubavuni. Kaka yangu Samuel alikuja kumwona mtoto, akanikuta naongea peke yangu, wala hakuomba ruhusa ya mtu. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akanipakia kwenye lori, na kutoka Voi tukapanda treni ya Mombasa. Alitaka kumchukua na Wakio, Jedidah akamkumbatia mtoto akakataa. Mtoto mchanga, alisema, hapelekwi kwenye nyumba ya wagonjwa.

Daktari alikuwa Mhindi mfupi asiyejua kutabasamu. Aliubonyeza mguu, akasikiliza kifua, akaniambia damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu, na kipande cha donge hilo kimekatika kikapanda mpaka kwenye mapafu. "Mzazi anatakiwa kutembea," alinigombeza, kana kwamba ni mimi niliyejilaza. "Kidogo kidogo, lakini atembee. Damu isiyotembezwa inaganda. Ungechelewa, ungeletwa hapa umefunikwa uso." Akaniandikia sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda. Halafu akasema mtoto aletwe anyonye, kwa sababu maziwa yangu hayana ubaya wowote.

Samuel akapanda Mbololo kumfuata, akarudi mikono mitupu. Jedidah alimwambia maziwa ya mwanamke mwenye hasira ni sumu, na yeye hatampa mjukuu wake sumu.

Basi nikawa nayakamua yale maziwa kwenye beseni la hospitali, muuguzi anakwenda kuyamwaga, na kule mlimani mwanangu ananyweshwa uji wa mahindi kwa kijiko. Akaanza kuharisha. Nilipotoka hospitalini alikuwa ameshazikwa, na kaburi lenyewe limeanza kuota majani. Jedidah alinipokea uani, watu wamejaa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Hasira ya mama yake ndiyo iliyomla mtoto."

Watu wakaamini. Kwa nini wasiamini? Yeye alikuwa mama wa kanisa, Jumapili kitambaa cheupe kichwani, na mimi nilikuwa mgeni mwenye mguu mnene. Hata Mwandawiro, mtu mpole asiyeweza kumkatalia mama yake hata chumvi, aliamini nusu. Sikuzaa tena. Daktari alinionya kwamba mimba nyingine ni hatari kwa mwenye mshipa kama wangu, nami sikubishana naye. Na hasira ile ambayo Jedidah aliitafuta kwangu akaikosa, sasa nilikuwa nayo. Alinipa mwenyewe, nikaitunza vizuri kuliko bendeji zangu.

Sasa turudi kwa Edith na chai yake.

"Ilikuwaje?" nilimuuliza.

"Aliteleza shambani, kule kwenye migomba. Nyonga ikaumia. Mganga wa mifupa akamfunga, akamwambia alale mpaka apone. Amelala tangu wakati huo. Hajiinui hata kidogo, kila kitu namletea mimi."

"Na mguu ni wa moto?"

"Moto sana. Ukimgusa hapa nyuma anapiga kelele." Edith akaweka kikombe chini. "Mkamburi, baba mdogo Donald alikwenda kwa mpiga ramli. Ameambiwa ni hasira ya mwanamke wa nyumba yetu anayekaa bondeni."

Mwanamke wa nyumba yao anayekaa bondeni alikuwa mmoja tu, naye alikuwa akimmiminia chai.

"Wanataka uje utase," Edith alisema.

"Mpelekeni hospitali." Nililisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, ili baadaye nisije nikaambiwa sikusema.

"Hataki. Anasema hatoki nyumbani na hasira ya mtu mgongoni. Kwanza utase."

"Na nikishatasa?"

"Unajua mambo ya ukoo wetu. Akishatasiwa havuki kizingiti mpaka mwezi mwingine uandame."

Nilijua. Na mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama. Nikaona jinsi mambo yalivyopangika yenyewe bila mimi kunyoosha mkono. Ningepanda mlimani, ningetasa mbele ya wazee kwa maneno matamu, watu wangenisifu kwa moyo wangu mkubwa, na Jedidah angebaki kitandani kwa furaha, amesamehewa, mguu umelala, mpaka donge likatike lipande. Sikuhitaji sumu wala panga. Nilihitaji kumsamehe tu.

Mume wangu alipotoka kazini nilimwambia tunaondoka asubuhi. Alinishika mkono akasema, "Asante, mama Wakio." Hakuwa ameniita hivyo kwa miaka mingi. Nilimwonea huruma, lakini haikutosha kunibadilisha nia.

Njia ya kupanda Mbololo ni mbaya kwa mguu kama wangu. Nilipanda nikisimama mara kwa mara, nikiinua kisigino na kukishusha ili damu ipande, na kila niliposimama nilikuwa nikifanya mazoezi ya maneno yangu. Hasira yangu itoke. Mama apoe. Nyumba ipoe. Yalitoka vizuri, hata mimi mwenyewe yalinigusa.

Jedidah alikuwa amelazwa palepale nilipolazwa mimi, karibu na moto. Alikuwa amepungua uso, macho yamezama, lakini mdomo ulikuwa uleule. Nilimwamkia kwa heshima zote za mkaza mwana. Nikaomba kuuona mguu. Edith akafunua shuka.

Ulikuwa umevimba mpaka pajani, ngozi imevutika inang'aa, rangi imeiva. Niliweka kiganja juu ya shavu la mguu nikausikia ule moto. Kisha mama mkwe akakohoa, na alipokohoa akashika ubavu.

"Panachoma hapo?" nilimuuliza.

"Kama kisu," akajibu.

Nikamfunika. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nilisema moyoni, nikatoka nje kunawa mikono. Wazee walikuwa wameanza kufika.

Aliyesimamia shughuli ni Mzee Donald, baba mdogo wa mume wangu. Wamisheni ndio waliompa jina hilo na suruali yake ya kwanza, na vyote viwili alikuwa bado anavivaa kwa fahari. Hakuwa mtu mbaya. Aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda, wazee wengine wamejipanga ukutani, wanawake mlangoni, Mwandawiro amesimama katikati kama mtu asiyejua aketi upande gani. Kibuyu cha maji ya muwa kikawekwa mbele yangu.

"Mkamburi, mwanangu," Mzee Donald alisema, "hatukukuita kukulaumu. Kila mtu ana moyo, na moyo hujaa. Sema lililokujaa, kisha ulitoe, mama yako apone."

Kutasa kuna kanuni moja ninayoipenda: anayesema hakatizwi. Hata awe mtoto, hata awe mkaza mwana, hakatizwi. Nilikuwa nimepanga kusema kidogo tu na kupuliza. Lakini nilipoona zile nyuso zote zimenyamaza, zinanisubiri mimi, nikasema yote. Nilisema nilivyolazwa nikikatazwa hata kufika mlangoni. Nilisema nilivyopuliza maji mpaka midomo ikatoka damu. Nilisema maziwa, nikawaonyesha kwa mikono yangu ukubwa wa lile beseni. Nilisema kaka yangu alivyokuja kumchukua mtoto na kurudishwa. Mwanamke mmoja pale mlangoni akajifunika uso kwa kanga. Mwandawiro alikuwa anatazama chini.

"Hayo ndiyo yaliyonijaa," nikamaliza.

"Umesema," Mzee Donald alisema taratibu. "Sasa yatoe."

Nikakiinua kibuyu, nikajaza kinywa. Maji ya muwa yalikuwa matamu na ya baridi. Yote niliyoyataka yalikuwa humo kinywani, ni kupuliza tu. Baada ya hapo ningeteremka kwenda kwangu kusubiri habari ya msiba, na hapana mtu duniani angeninyooshea kidole.

Jedidah akajiinua kidogo kwa kiwiko. Kanuni ilimkataza kusema, lakini tangu lini kanuni ikamhusu Jedidah? Alininyooshea kidole.

"Mmesikia wenyewe," alisema, akihema. "Amekiri. Hasira yake ilimla mtoto, sasa inanila mimi. Itoe, mwanamke! Itoe nipone, watu wote waone!"

Kinywa kimejaa, siwezi kumjibu. Na kwa sababu siwezi kumjibu, ikabidi nifikiri.

Nikipuliza, huyu atakufa. Sawa. Lakini atakufa akiwa amesema kweli. Watasema Mkamburi alikiri, akaitoa, ila aliitoa akiwa amechelewa. Watasema hasira yake ilikuwa kali, imemla mtoto na bibi. Jedidah atazikwa na kitambaa chake cheupe, kwaya inaimba, na mwanangu atabaki pale chini ya majani akiwa ameuawa na mimi, milele. Hicho ndicho kisasi changu? Hicho kilikuwa kisasi chake juu yangu kwa mara ya pili.

Lakini kama nikibaki na hasira yangu, yote, nzima, hapana hata tone lililotoka, na huyu akapona?

Nikameza.

Walinisikia nikimeza. Chumba kizima kilisikia. Nikakirudisha kibuyu chini, nikajifuta mdomo kwa kiganja.

"Umefanya nini?" Mzee Donald alinong'ona.

"Nimeimeza, Baba. Haitoki. Haitatoka leo wala mwezi ukiandama, hata mkiniletea shamba zima la miwa."

Watu walipiga kelele. Edith alianguka miguuni pangu akinishika magoti, akilia nimwonee mama yake huruma. Mzee mmoja alisema nifukuzwe kabla nyumba haijaungua. Jedidah mwenyewe alikuwa ananitazama kwa hofu, na sitadanganya, hofu ile ilinipendeza sana.

"Sikilizeni," nilisema, na nilipaza sauti kwa sababu sasa wangeweza kunikatiza. "Ule ni mguu kama wangu. Damu imeganda kwa kulala, na donge limeshaanza kupanda kifuani, ndiyo maana anashika ubavu. Ugonjwa huu una dawa. Dawa iko Mombasa. Mpelekeni leo. Akifa, semeni ni mimi, mnifukuze, mnichome. Lakini akipona, na hasira yangu ikiwa humu ndani imekaa, basi mtaniambia ni nini kilimuua Wakio."

Sasa walikuwa hawana la kufanya. Mgonjwa hakutasiwa, kwa hiyo hakuwa na kizuizi cha kuvuka kizingiti, na dawa yao ilikuwa imeshuka tumboni mwangu.

Aliyesema ni mume wangu, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akisema jambo mbele ya baba zake bila kuulizwa.

"Kama hasira haitoki," Mwandawiro alisema, "basi mama atatoka. Leteni miti tufunge kitanda."

Tulimteremsha mlimani akiwa kitandani humohumo. Wabebaji walipokezana, nami nikafuata nyuma nikichechemea, na kila boma tulilopita wanawake walinigeuzia mgongo. Habari ilikuwa imetutangulia. Nilitembea kichwa juu. Niliwaagiza wabebaji wauinulie mguu juu ya mto, na niliwakataza wasiuchue, maana kuna shangazi mmoja alikuwa amekuja na mafuta ya kondoo tayari kuukanda. Mguu wa donge haukandwi. Ukiukanda unaliamsha.

Kutoka Voi treni ilimpeleka Mombasa, na daktari wa safari hii, kijana mwembamba, alisema maneno yaleyale ya yule Mhindi. Sindano zikaanza. Mguu ukawekwa juu. Mwandawiro ilimbidi arudi kazini, na Edith alikuwa akizimia kila akiona sindano, kwa hiyo nilibaki mimi. Jedidah alikuwa na mtu mmoja tu wa kumlisha, kumwogesha na kumpelekea chombo, naye ni mwanamke aliyekataa kumsamehe mbele ya ukoo mzima. Siku za mwanzo alikuwa anaonja chakula kwa ncha ya ulimi.

"Hakina kitu," nilimwambia. "Nakutaka mzima."

Nilimtunza vizuri. Nilimtunza kwa ubaya, lakini vizuri. Muuguzi akichelewa na sindano nilikwenda kumwita. Alipoanza vidonge nilisimama mbele yake mpaka ameze na kufungua kinywa nione. Nilitazama fizi zake asije akatoka damu, nilitazama ngozi yake kama ina madoa, kwa sababu dawa hiyo ikizidi inaleta damu kutoka mahali isipotakiwa. Nilimfundisha kuvuta vidole vya miguu kuelekea kwake na kuvisukuma mbele, asubuhi, mchana na jioni, hata ule mguu mzima, usije nao ukaganda. Alilalamika. Nilimhesabia hivyo hivyo. Na usiku, alipodhani nimelala sakafuni, nilimsikia akisali Mungu amtolee mkaza mwana wake hasira. Nami nikasali kimya Mungu asimsikilize.

Kifua kikaacha kumchoma. Mguu ukapungua, kwanza paja, halafu goti. Siku moja daktari akaubonyeza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mama aanze kutembea wodini, na kuanzia sasa bendeji kila siku, maisha yake yote pengine. Kisha akaenda kitanda kingine.

Nilipiga magoti nikaanza kumfunga. Kuanzia vidoleni, kukaza kifundoni, kulegeza kwenda juu. Ningeweza kukaza mahali pasipotakiwa akaumia, wala asingejua. Sikukaza. Yeye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ananitazama utosini.

"Mkamburi," alisema. Sauti haikuwa ya Jedidah ninayemjua. "Ile hasira bado unayo?"

"Ninayo."

"Haijapungua?"

"Haijapungua hata kidogo, mama."

Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, imekonda. Aliutazama mguu wake, akaugeuza kidogo upande huu na upande ule.

"Na mimi napona," alisema.

"Unapona."

Nilifunga ncha ya bendeji kwa pini, nikainua macho. Nilikuwa nimeungoja uso ule tangu siku nilipoliona kaburi lenye majani. Niliona lile jambo likiingia ndani yake polepole, likashuka, likakaa. Akaweka kiganja kinywani.

"Basi yale maziwa yako..." alisema, na hakuweza kwenda mbele.

"Yalikuwa mazuri, mama," nilimwambia. "Sasa inuka utembee."

Alitembea. Nilimshika kwapani, tukaenda mpaka dirishani na kurudi, na tena mpaka dirishani na kurudi, naye analia njia nzima kwa sauti, akimwita mjukuu wake kwa jina, wagonjwa wote wameinua vichwa kututazama. Muuguzi aliniuliza kama mama ana maumivu makali, tumpumzishe. Nikamwambia hapana, anaendelea vizuri, na nikamzungusha tena.